Kulenga visahani kwa bunduki ya marisau: mwongozo kamili kwa anayeanza Nyanda za Juu Kusini

Swali linalonifikia kutoka Iringa, Mafinga, Njombe na Mbeya kuhusu mchezo wa kuvunja kwa bunduki visahani vinavyorushwa hewani na mashine ni lilelile: "Kaka, nimelenga vizuri kabisa, mtutu ulikuwa juu ya kisahani, mbona kimepita kizima?"

Jibu limo ndani ya swali. Kama uliuona mtutu ukiwa juu ya kisahani, basi ulikuwa unauangalia mtutu. Bunduki ya marisau, yaani shotigani inayotawanya chembe ndogo nyingi kwa mlio mmoja, hailengwi kama raifoli. Inaelekezwa, na kinachoielekeza ni jicho lililong'ang'ania kisahani. Kusimama, kuweka shavu na kuchagua risasi ni maandalizi ya kuliacha jicho hilo lifanye kazi yake bila kusumbuliwa. Ndiyo maana nakuomba ufuate hatua kwa mpangilio wake. Wengi waliokwama waliruka ya 1 na ya 4, wakakimbilia kufyatua.

Hapa nazungumzia trapu ya kawaida, mojawapo ya michezo ya kulenga visahani. Mashine imefichwa kwenye kibanda kifupi mbele yako, na kisahani kinatoka kikienda mbali nawe kwa pembe usiyoijua. Unasimama yadi 16 nyuma ya mashine, yaani mita 14.6. Vituo ni vitano, kila kituo risasi tano, raundi moja visahani 25. Trapu ya Olimpiki ina mashine 15 na visahani vinavyokwenda mita 76, kwa kasi kubwa zaidi. Hiyo iache kwanza.

## Andaa hivi kabla ya yote

Leseni na ruhusa. Silaha nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usishike bunduki ya mtu shambani kwa kuwa tu ni rafiki yako. Nenda ofisi ya polisi ya wilaya, eleza kwamba unataka kujifunza mchezo, uliza nani anaruhusiwa kukufundisha, kwa silaha ipi na katika eneo lipi. Serikali ya kijiji nayo ipewe taarifa ya siku na saa. Milio mfululizo kwenye kijiji kisicho na habari inaleta taharuki, na mwenye makosa utakuwa wewe.

Bunduki. Inayofaa ni geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, urefu wa inchi 28 hadi 32. Uzito wake unaifanya izunguke kwa utulivu na kupunguza teke, yaani msukumo wa bunduki begani. Mwenye mwili mdogo anaweza kuanza na geji 20. Shotigani fupi ya ulinzi, ile inayokaa getini, haifai: ni nyepesi, inapiga teke, na marisau yake hutawanyika mapema mno.

Risasi. Gramu 24 au 28, marisau namba 7½ au 8. Chembe zake zina kipenyo cha milimita 2 na ushei, nazo ni mamia ndani ya risasi moja. Anayeanza achukue gramu 24, kwa sababu bega lililochoka linamfundisha mtu kuogopa kifyatulio. Risasi zenye chembe kubwa za kuwindia wanyama ni marufuku uwanjani, kwa kuwa zinakwenda mbali kuliko eneo ulilolitenga.

Kinga. Vifunika masikio na miwani kwa kila aliyepo, hata aliyekuja kutazama. Mlio wa geji 12 unapita desibeli 140, na sikio likishaumia halirudi. Miwani ni kwa ajili ya baruti inayorudi na vipande vya kisahani vinavyorushwa na upepo.

Visahani na mashine. Kisahani kina kipenyo cha milimita 110 hivi. Rangi ya machungwa inaonekana vizuri mbele ya misonobari au chai. Nyeusi inafaa penye anga tupu. Mashine ya kukaza kwa mkono inatosha kabisa. Ila mkono wake ukiwa umekazwa unaweza kuvunja mfupa, kwa hiyo asiusogelee mtu yeyote isipokuwa anayeuendesha, naye asimame nyuma yake.

Vitu vidogo. Karatasi za mifuko ya saruji, fremu ya mabanzi, seloteipu, kitochi chembamba, daftari.

Uwanja. Marisau haya yanaweza kufika mita 200. Tenga mita 300 za mbele, zitanuke kushoto na kulia, bila nyumba, njia, mto wa kunywesha mifugo wala mashamba yenye watu. Elekeza uwanja kusini ukiweza. Kwa latitudo yetu jua linakuwa upande wa kaskazini kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba, na kiangazi chote, ambacho ndicho msimu wa mazoezi, kinaangukia humo. Fyeka nyasi kavu mbele ya vituo na uwe na maji karibu. Katika ukanda wa Sao Hill, ambako misitu ya kupandwa imezunguka kila kitu, moto mdogo si jambo la kujaribia.

## Hatua ya 1: Lijue jicho lako kuu

Nyoosha mikono mbele, kutanisha viganja ukibakiza tundu dogo katikati. Macho yote mawili yakiwa wazi, tazama kupitia tundu hilo kitu kilicho mbali, mfano nguzo ya umeme. Sasa funga jicho la kushoto. Nguzo ikibaki, jicho lako kuu ni la kulia. Ikipotea, ni la kushoto.

Rudia mara kadhaa, kwa sababu kuna watu ambao macho yao yanagombania ukubwa.

Kwa nini tunaanzia hapa? Ukipachika kitako bega la kulia wakati jicho kuu ni la kushoto, mtutu unaelekea kulingana na jicho ambalo haliko juu yake. Risasi itakwenda pembeni kila mara, nawe utaapa ulikuwa sahihi.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, hamia bega la upande wa jicho kuu. Mwanzoni kabisa hili ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa kuwa bado huna mazoea ya kuyavunja. Ya pili, bandika kipande kidogo cha seloteipu kwenye kioo cha miwani mbele ya jicho linaloingilia, pale tu linapouona mdomo wa mtutu. Mimi napendekeza ya kwanza.

Umefaulu ukiona: kila ukirudia jaribio jibu ni moja, na umeshaamua bega.

## Hatua ya 2: Usalama, kabla ya kugusa risasi

Bunduki inabebwa ikiwa imefunguliwa, mitutu tupu, kila mtu aone. Inafungwa ukiwa umesimama kituoni, mdomo ukielekea mbele. Weka risasi moja tu, mpaka mwalimu aseme vinginevyo. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka kitako kiko begani na unakaribia kuita kisahani kirushwe. Ukiitwa jina, usigeuke na bunduki: fungua, toa risasi, ndipo ugeuke.

Mambo matatu ambayo wengi hawafundishwi:

Ukivuta kifyatulio na risasi isilipuke, baki umeelekeza mbele kwa sekunde 30 kabla ya kufungua. Baruti inaweza kuchelewa.

Ukisikia mlio hafifu, usifyatue tena. Fungua, toa risasi, chungulia mtutu kwa upande wa nyuma. Kizibo cha plastiki, kile kinachotenganisha baruti na marisau ndani ya risasi, kinaweza kuwa kimekwama humo, na risasi inayofuata ikakipasua chuma.

Usichanganye geji 12 na geji 20 mfuko mmoja, hata kwa dakika. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye mtutu wa geji 12 inateleza ndani na kukwama mbele, bila kuonekana. Mtu anadhani mtutu ni mtupu, anaongeza ya geji 12, na mtutu unalipuka mbele ya uso wake. Kwa kawaida viwanda hutengeneza geji 20 kwa ganda la njano kwa sababu hiyohiyo.

Hatua hii haina alama ya nusu. Asiyeiweza kwa bunduki tupu asipewe risasi.

## Hatua ya 3: Kusimama

Kwa anayetumia bega la kulia, mguu wa kushoto uko mbele, miguu imeachana kadiri ya upana wa mabega au pungufu kidogo. Goti la mbele limelegea, uzito umeegemea mbele kidogo, pua ikiwa juu ya kidole gumba cha mguu wa mbele.

Anayeanza hupenda kuegemea nyuma ili kuusawazisha uzito wa bunduki. Ukifanya hivyo, teke litakusukuma, mtutu utapanda, na kiuno hakitageuka. Bunduki inazungushwa na kiuno. Mikono inaishika tu.

Elekeza miguu yako pale unapotarajia kukivunja kisahani, usiielekeze kwenye kibanda. Kituo cha 1, kilicho kushoto kabisa, geuka kushoto zaidi kidogo. Kituo cha 5, kulia zaidi.

Umefaulu ukiona: unaweza kugeuka kutoka kushoto hadi kulia bila kuinua kisigino cha mbele na bila kuyumba.

## Hatua ya 4: Shavu kwanza, bega baadaye

Hapa ndipo nataka ukae siku nyingi kuliko mahali pengine popote. Haigharimu chochote, unafanyia nyumbani, na ndipo visahani vinapovunjwa.

Kwenye raifoli una alama ya nyuma na ya mbele. Kwenye bunduki ya marisau alama ya nyuma ni jicho lako mwenyewe. Shavu likikaa juu sentimita moja kuliko jana, alama ya nyuma imehama sentimita moja, na mita 30 mbele marisau yamehama zaidi ya hapo. Kwa hiyo shavu lazima litue mahali palepale kila mara.

Hakikisha bunduki ni tupu, na risasi ziko chumba kingine. Elekeza ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu. Sukuma mikono yote miwili mbele na juu, ukileta kitako shavuni. Kikishagusa shavu, bega linasogea kidogo kukipokea. Usikiweke begani kwanza kisha ukainamisha kichwa kukitafuta: shingo itachoka na kichwa kitainuka dakika ya mwisho.

Jipime hivi. Fumba macho, pandisha kitako, kisha fumbua. Unapaswa kuiona shanga ya mbele (kidoa cha kulengea kwenye mdomo wa mtutu) katikati ya mgongo wa mtutu, na mgongo wenyewe ukionekana kidogo kama njia nyembamba inayopanda. Ukiona sehemu ya nyuma ya bunduki imeziba shanga, shavu liko chini mno. Ukiuona mgongo wote mrefu, kichwa kiko juu. Shanga ikikaa pembeni, kitako hakikufai au umekipachika kwenye mkono badala ya mfuko wa bega.

Kisha zoezi la kitochi. Kizungushie seloteipu kikae vizuri kwenye mdomo wa mtutu, kiwashe, na ufuate kwa mwanga ule mstari ambapo ukuta unakutana na dari, kona hadi kona. Macho yakae kwenye mstari, si kwenye mwanga. Dakika 10 jioni zinatosha. Ukimaliza, toa kitochi kabla ya kufanya jambo lingine lolote na uchungulie mtutu: kitu chochote kilichosahaulika humo kinaugeuza kuwa bomu.

Angalizo la huku kwetu. Juni na Julai, Mafinga na Njombe, mtu anavaa sweta na koti zito juu yake. Kitambaa hicho kinakisukuma kitako mbele na kukifanya kirefu kuliko ulivyozoea ndani ya nyumba. Kinakwama kwapani, na shavu linatua mahali pengine. Fanya mazoezi ya nyumbani ukiwa na nguo zilezile utakazovaa uwanjani.

Umefaulu ukiona: mara kumi mfululizo unafumbua macho na kukuta shanga iko palepale, bila kurekebisha chochote.

## Hatua ya 5: Piga karatasi kabla ya kisahani

Kata mifuko ya saruji, iunganishe iwe karatasi ya mita moja kwa mita moja, itundike kwenye fremu ya mabanzi mbele ya kingo ya udongo. Chora doa katikati. Simama mita 15. Pandisha kitako kama ulivyojifunza, tazama doa, fyatua mara shavu likitua. Usikae ukipima. Rudia mara tatu kwenye doa hilohilo.

Kitovu cha matundu kikiwa kwenye doa au juu yake kidogo, endelea. Bunduki nyingi za trapu zimetengenezwa zipige juu kidogo makusudi, kwa sababu kisahani kinapanda. Kitovu kikiwa kushoto au kulia, rudi hatua ya 1 na ya 4. Usijaribu kufidia kwa kulenga upande wa pili. Kisahani hakitakupa muda wa hesabu hizo.

## Hatua ya 6: Kisahani kinachokwenda moja kwa moja

Funga mashine irushe mbele tu, bila kugeuka. Simama kituo cha 3, cha katikati. Baki hapo siku nzima ikibidi.

Tofauti na baadhi ya michezo mingine ya visahani, kwenye trapu unaruhusiwa kuwa na kitako begani kabla ya kuita. Tumia ruhusa hiyo. Weka mdomo wa mtutu juu kidogo ya paa la kibanda. Kisha fanya jambo linalowashinda wengi: yainue macho kutoka kwenye mtutu, yapeleke mbele zaidi, kwenye anga ambapo kisahani kitaonekana, bila kukazia kitu.

Ita "Vuta!" kwa sauti ya kawaida. Ukipiga kelele, kichwa kinaruka.

Subiri ukione. Akili ya anayeanza inafyatuka pamoja na neno "Vuta", mtutu unatangulia, na kisahani kinatokea nyuma yake. Kione kwanza kama kitu chenye ukingo, kisha mtutu ukifuate kutoka chini. Pale mdomo wa mtutu unapokifunika, fyatua huku ukiendelea kupanda.

Kisahani kinatoka kwa kasi ya kilomita 68 kwa saa hivi. Una sekunde moja, au pungufu kidogo, kabla hakijafika mita 30 kutoka ulipo, na hapo ndipo pazuri pa kukivunja. Sekunde hiyo ni ndefu ukiitumia kutazama. Ni fupi sana ukiitumia kupima shanga.

Umefaulu ukiona: kisahani kinageuka vumbi au vipande vingi, na ukiulizwa mtutu ulikuwa wapi hujui. Jibu hilo linanifurahisha kuliko vumbi lenyewe.

## Hatua ya 7: Pembe, na kwa nini unapiga nyuma

Sasa fungua mashine igeuke. Marisau yanahitaji karibu sehemu ya kumi ya sekunde kufika mita 30. Kisahani kinachokata pembe kitakuwa kimesogea pembeni karibu nusu mita katika muda huo. Ukifyatua kilipo, utapiga mahali kilipotoka.

Ni kama pasi kwa winga anayekimbia: mpira unapigwa mbele yake, naye anaukuta. Lakini usijaribu kupima nusu mita kwa macho. Anzia nyuma ya kisahani, kifuate kwenye njia yake, kipite, fyatua wakati mtutu ukiwa unaendelea kwenda. Mwendo wenyewe unatengeneza nafasi inayohitajika: kinachokata sana kinakulazimisha uzungushe haraka, na kwa hiyo unakipita kwa zaidi.

Kosa kuu ni kusimamisha mtutu ili kufyatua. Linasababishwa na jicho lililorudi kwenye shanga kuhakikisha. Jizoeze kuendelea kuzungusha mpaka kipande cha mwisho kianguke, shavu likiwa bado limeshikamana na kitako.

Upepo nao una sauti. Ukikuvumia usoni unakiinua kisahani. Ukitoka mgongoni unakikandamiza chini. Makambako, alasiri ya Agosti, utayaona yote mawili ndani ya raundi moja. Kabla ya zamu yako, tazama visahani vya wenzako vinafanya nini. Ukungu wa asubuhi Mufindi hauna dawa: ngoja upande. Huwezi kulithibitisha eneo la mbele usiloliona.

## Hatua ya 8: Kusoma makosa

Mwenzako asimame nyuma ya bega lako la kulia, si pembeni. Mwanga ukiwa mzuri ataweza kuona kizibo, na wakati mwingine wingu la marisau, na atakuambia kama ulipita nyuma au juu. Andika daftarini, kwa kila kituo.

Ukipiga juu mara kwa mara, umeinua kichwa kutazama matokeo. Ukipiga nyuma, umesimamisha mtutu. Vikikatika vipande viwili vikubwa kila mara, unagusa kwa ukingo tu wa mtawanyiko: umekaribia, usibadili mbano wa mtutu (kule kubana kwa mdomo wake kunakopunguza mtawanyiko), badili umakini wa jicho.

Na kuna woga wa teke. Mwambie mwenzako akuwekee risasi bila wewe kuona, mara nyingine risasi ya mazoezi isiyo na baruti. Isipolipuka na mtutu ukadidimia chini, unaogopa. Usione haya, ni mwili unajilinda. Punguza gramu, ongeza kitambaa begani, kagua vifunika masikio (mlio unatisha kuliko teke), pumzika raundi nzima. Kulazimisha kunaupandikiza woga huo kwa miaka.

Visahani 50 kwa siku ni kiasi cha juu kwa anayeanza. Zaidi ya hapo shavu linachoka na unajifunza makosa. Ukivunja 15 kati ya 25 bila kubahatisha kituo chochote, uko vizuri sana.

## Hatua ya 9: Baada ya risasi ya mwisho

Tangaza mwisho, bunduki zote zifunguliwe, ndipo mtu avuke kwenda mbele.

Okota maganda na vizibo vya plastiki, ng'ombe wanavila. Vipande vya visahani vinahitaji uangalifu wa pekee huku kwetu ambako nguruwe wanafugwa karibu kila kijiji. Visahani vingi vimetengenezwa kwa chokaa na lami, na lami ya makaa ya mawe ni sumu kwa nguruwe wanaofukua na kuvitafuna. Usiruhusu mifugo kwenye uwanja huo, na usichague eneo linalotiririsha maji kwenda kisimani, kwa sababu marisau ni ya madini ya risasi (ledi) na hayaozi.

Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula. Vumbi la madini hayo linashika vidoleni, na nguo za uwanjani zisichanganywe na za watoto.

Pitisha kitambaa chenye mafuta ndani ya mitutu ikiwa bado ina joto, futa nje, futa mahali shavu lilipogusa kwa sababu jasho linakula chuma. Hewa ya nyanda za juu inatia kutu usiku mmoja, hivyo usiirudishe kwenye mfuko wenye unyevu. Iache ikauke mbele yako. Kisha sanduku la chuma, kufuli, risasi kwenye sanduku la pili, na idadi iliyobaki iandikwe pamoja na karatasi za leseni.